Milima Iliyochorwa na Wasiolima

Ramani ya Rwanda ya kipimo cha 1:50,000 ina karatasi 43. Ilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa serikali ya Rwanda na Taasisi ya Taifa ya Jiografia ya Ubelgiji, na waliosomea kilimo, maji au barabara hapa Kigali katika miaka iliyofuata wanaifahamu vizuri. Sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Mistari ya kontua imebanana kiasi kwamba jicho lisilozoea huona mawimbi tu. Lililozoea huona Mlima Kigali, Jali, Rebero na Nyarugenge, na mto Nyabarongo ukijipindapinda chini yao katika bonde pana la mafunjo.

Shamba la mtu halimo. Nchi ambayo karibu kila kaya yake iliishi kwa jembe imechorwa kwa uangalifu mkubwa, kilima kwa kilima, kijito kwa kijito, bila mpaka wa shamba hata mmoja. Hesabu inaeleza sehemu ya sababu: kipande cha maharage chenye upana wa mita 20 hakifiki hata nusu milimita kwenye karatasi hiyo, na kalamu ya mchoraji ingekimeza. Sehemu ya pili ya sababu ni ndefu zaidi. Kila ramani huchorwa kumjibu mtu fulani aliyeuliza swali, na kwa zaidi ya miaka mia moja waliouliza kuhusu milima ya Rwanda hawakuwa na shamba juu yake.

Wa kwanza waliuliza wakiwa hawajaiona kabisa. Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alizitangazia serikali za Ulaya mipaka ya dola yake mpya ya Kongo. Upande wa mashariki mpaka ulikuwa mstari ulionyooka, ukianzia ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo ya 30 mashariki inakutana na latitudo ya 1°20′ kusini. Ukichukua rula leo na kuuchora mstari huo, utapita kilomita 30 hivi magharibi ya Kigali, ukikata mito, vilima na himaya za machifu bila kujali kitu. Ziwa Kivu lote, na karibu nusu ya Rwanda tunayoijua, lingebaki upande wa Kongo. Leopold hakuiba kitu alichokijua. Hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu, na wakati huo Rwanda ilikuwa chini ya Mwami Kigeli IV Rwabugiri, mtawala wa vita ambaye hakuna mtu mjini Brussels aliyekuwa amekutana naye.

Miaka mitano baadaye Waingereza na Wajerumani nao walikaa mezani. Mkataba wao wa tarehe 1 Julai 1890, uleule ulioiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza na kuipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, uliweka mpaka magharibi ya Ziwa Victoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, lakini kwa sharti moja la ajabu: endapo mlima uitwao Mfumbiro ungeonekana uko kusini ya mstari huo, mpaka ungepinda ili mlima ubaki wa Uingereza. Mfumbiro huo John Hanning Speke aliuona mwaka 1861 akiwa Karagwe, mbali mno, vilele vikichomoza juu ya ukungu. Hakuna Mwingereza aliyekuwa amekanyaga hapo. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba "mlima" huo ni safu nzima ya volkano za Virunga, na kwamba zote zinakaa kusini ya digrii 1. Sharti lililoandikwa kwa ajili ya kivuli kwenye upeo wa macho likaja kudai ardhi yenye watu, ng'ombe na mashamba ya mtama. Nimesoma mikataba mingi ya mipaka ya Afrika, na sijui mwingine ambao umebeba uzito mkubwa hivyo juu ya kitu kilichoonekana kwa mbali kiasi hicho.

Ukungu ulianza kuondoka mwaka 1894. Mwezi Mei, Gustav Adolf von Götzen, luteni wa Kijerumani, alivuka Akagera na kuingia Rwanda na msafara wake, akapokewa na Rwabugiri, akapanda Nyiragongo, na mwezi Juni akafika kwenye Ziwa Kivu. Mwaka uliofuata Rwabugiri alifariki, na ufalme ukaingia katika mgogoro wa urithi uliomweka Yuhi V Musinga kwenye kiti. Wajerumani hawakuwa na haja ya bahati kubwa kuliko hiyo. Ghafla wakawa na hoja mpya mezani: mpaka wa Kongo ulikuwa umechorwa na watu wasiojua kwamba kuna ziwa hapo, kwa hiyo mpaka wa haki ni ziwa lenyewe na mto Rusizi unaotoka humo.

Hoja hiyo ilihitaji ramani, na ramani ilihitaji watu wa kutembea. Mmoja wao alikuwa Richard Kandt, daktari wa magonjwa ya akili, aliyeondoka Ulaya mwaka 1897 kutafuta chanzo cha Naili. Mwaka 1898 alifuata mito juu hadi msitu wa Nyungwe, kwenye chemchemi za Rukarara, kisha akajenga makao karibu na Ziwa Kivu na kutumia miaka akilipima na kuandika habari za nchi iliyolizunguka. Kazi ya wasafiri wa aina yake inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyozaa ramani za kwanza za nchi hii.

Mpimaji alitembea na dira, saa na daftari. Kila njia ilipopinda alisoma dira na kuandika mwelekeo mpya, na pembeni akaandika muda. Umbali aliukadiria kwa mwendo wa msafara: dakika nyingi, njia ndefu, mvua na utelezi, akapunguza. Vilele vya kushoto na kulia alivisoma kwa dira kutoka sehemu mbili, ili baadaye mistari miwili ikutane kwenye karatasi na kukiweka kilima mahali pake. Urefu kutoka usawa wa bahari aliupata kwa kuchemsha maji. Hapa Kigali maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, na mwenye kipimajoto kizuri anaweza kujua amepanda kiasi gani. Jina la kilima aliliuliza kwa mkalimani, ambaye mara nyingi aliuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kinyarwanda. Jioni, wapagazi wakiwa wamelala, alikaa na taa na kuchora.

Daftari hizo zilisafiri hadi Berlin. Huko Paul Sprigade na Max Moisel, wachoraji wawili ambao kazi yao nzima ilikuwa kuunganisha njia za wengine, walizipanga pamoja na kutoa karatasi za ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kipimo cha 1:300,000. Karatasi hizo ni nzuri mno, nakiri. Ukizitazama vizuri utaona kwamba milima imejaa pale tu msafara ulipopita; katikati ya njia na njia kuna weupe. Nchi iliyobanana watu kuliko karibu nchi zote jirani inaonekana kama uzi uliosokotwa juu ya shuka tupu. Mkulima aliyeishi saa mbili nje ya njia ya msafara hakuwepo.

Wakati wachoraji wakichora, wanajeshi walisogeza bendera. Maasi ya askari wa Kongo mwaka 1897 yalikuwa yamevunja vituo vya Leopold upande wa mashariki, na Wajerumani wakajaza pengo la Rusizi. Mwezi Novemba 1899 Kapteni Bethe na mwenzake wa Kongo, Hecq, walikubaliana kwamba pande zote mbili ziweke vituo kwenye eneo la ugomvi hadi serikali zao ziamue. Serikali zilichukua miaka kumi. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita ukiwa na mpimaji wake, Weiss, aliyejaza weupe mwingi kaskazini na kuzunguka volkano. Mwaka 1907 huohuo Kandt alifanywa Residenti, yaani mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, nchini Rwanda na akachagua kilima cha Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi, kuwa makao ya serikali. Nyumba yake imekuwa makumbusho. Askari, makarani na wafanyabiashara waliomfuata ndio walioanzisha mitaa ya Waswahili chini ya kilima, na msikiti wa Al-Fatah pale Nyamirambo ulijengwa 1913. Mji wetu, kwa maneno mengine, ulianza kama nukta ambayo mpima ramani aliiona inafaa.

Mwaka 1909 ugomvi wa mpaka nusura ugeuke vita. Kikosi cha Waingereza kutoka Uganda, chini ya Coote, kiliingia maeneo ya karibu na Virunga na kukutana uso kwa uso na Wabelgiji. Hapo ndipo Brussels, London na Berlin zilipokubali kukaa pamoja. Mkutano ulifanyika Brussels na makubaliano yakatiwa saini tarehe 14 Mei 1910. Volkano zikagawanywa: kilele cha Sabyinyo kikawa mahali ambapo mipaka mitatu inakutana, na ndivyo kilivyo hadi leo kati ya Rwanda, Uganda na Kongo. Bufumbira, ile iliyodaiwa kwa jina la Mfumbiro wa Speke, ilikwenda Uganda. Ndiyo wilaya ya Kisoro ya sasa, ambako watu wanaendelea kuzungumza lugha ile ile ya jirani zao wa Musanze. Kisiwa cha Ijwi kilikwenda Kongo. Ujerumani ilibaki na Gisenyi, na Goma ikawa ng'ambo ya mstari, hatua chache tu. Musinga hakuitwa. Aliambiwa.

Mwaka 1911 makamishna walizunguka kuweka bikoni. Hii ilikuwa kazi ya aina nyingine, ya theodolaiti na upimaji wa pembetatu. Unapima mstari mmoja ardhini kwa usahihi mkubwa, halafu kutoka ncha zake mbili unapima pembe hadi kilele cha tatu, na hesabu inakupa umbali bila kutembea. Kutoka hapo unaruka kilele hadi kilele. Nchi ya milima imeumbwa kwa kazi hiyo, ila ukungu wa mvua na moshi wa kiangazi, wakati watu wakichoma nyasi, uliwafanya wapimaji kukaa juu ya vilele wakisubiri kuona mahali pamoja tu. Kwa mara ya kwanza mstari wa mpaka ulitembea juu ya ardhi halisi. Ulikuwa bado ni mstari wa watu waliojiuliza ziwa ni la nani, si wa watu walioulizana mtaro wa maji ni wa nani.

Vita vya kwanza vya dunia viliwaondoa Wajerumani. Mkataba wa Orts na Milner wa tarehe 30 Mei 1919 uliipa Ubelgiji Ruanda-Urundi, lakini Waingereza walikata kipande cha mashariki, Gisaka, kwa sababu ya ndoto ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Bonde la Akagera limejaa vinamasi na maziwa; reli isingepita humo kwa urahisi, hivyo wakataka ardhi kavu ya magharibi ya mto. Safari hii kulikuwa na kelele. Musinga alilalamika, Askofu Léon Classe wa Wamisionari wa Afrika aliandika, suala likafika Shirika la Mataifa, na tangu Januari 1924 Gisaka ilirudi Rwanda. Reli haikujengwa. Ni mara chache katika historia hii yote ambapo mstari uliochorwa mbali ulifutwa kwa sababu watu wa mahali walipinga.

Enzi za Wabelgiji nitazipita haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Maafisa walihitaji kujua kahawa ipandwe wapi, barabara ipite wapi, kinamasi gani kikaushwe. Katika miaka ya 1950 walianza kuwahamishia watu kwenye mashamba ya mpango yaliyoitwa paysannat, na serikali baada ya uhuru iliendelea nayo katika Bugesera na kwingine: kila familia hekta 2, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara iliyonyooka. Hapo ndipo ramani za kontua zinapofanya jambo la kushangaza. Baada ya vilima vyote vile vinavyojikunja, unafika kusini mashariki na kukuta mistari iliyonyooka kama daftari la shule. Bugesera hiyo hiyo ndiyo ambako Watutsi waliofukuzwa makwao baada ya 1959 walipelekwa Nyamata, penye msitu na ndorobo. Mistari iliyonyooka haionyeshi nani alikuja kwa hiari na nani alibebwa kwa lori.

Karatasi 43 zenyewe zilitokana na picha za anga. Ndege hupiga picha kwa mfululizo, kila picha ikifunika zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Ukiziweka picha mbili jirani chini ya stereoskopu, jicho la kushoto likitazama moja na la kulia nyingine, kilima kinainuka kutoka mezani. Mtaalamu husogeza alama ndogo ya nuru juu ya mteremko huo wa bandia akiishikilia kwenye urefu uleule, na alama inachora kontua. Ndiyo sababu umbo la vilima kwenye karatasi hizo bado linaaminika. Kontua haizeeki kwa mwaka mmoja wala kumi.

Kila kitu kingine kilizeeka ghafla. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyepewa kuongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa mwaka 1993, ameeleza kwamba maandalizi yake yalianza na ramani ya watalii na kurasa za ensaiklopidia, wakati ramani kamili ya nchi ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, nchi iliyochorwa mwaka 1988 haikuwepo tena. Nyumba zilizowekewa alama nyeusi zilikuwa magofu. Watutsi waliokimbilia nje ya nchi kuanzia 1959 na watoto wao walirudi na kuhitaji mahali. Mwaka 1997 Hifadhi ya Taifa ya Akagera, iliyoanzishwa 1934, ilipunguzwa kwa karibu theluthi mbili ili wapate malisho na mashamba. Kibungo na Umutara familia mbili ziligawana shamba moja kwa amri. Sera ya imidugudu iliwataka watu watoke kwenye vilima walikotawanyika na kuishi pamoja vijijini. Ugomvi wa ardhi ukajaa mahakamani.

Swali la mkulima likawa sasa swali la serikali. Sheria ya ardhi ya 2005 iliagiza kila kipande kiandikishwe. Mwaka 2008 na 2009 nchi ilipigwa picha upya kutoka angani, kwa undani wa sentimita 25 kwa kila nukta. Kwenye picha hizo unaona vitu ambavyo hakuna ramani iliyowahi kuviona: mgomba mmoja mmoja, kivuli cha paa, na ukuta wa minyaa, umuyenzi kwa Kinyarwanda, ambao kwa vizazi umekuwa ukipandwa kuzunguka boma na kutenganisha majirani. Mnyaa haufi kirahisi. Ukikata tawi na kulichomeka ardhini linaota, na utomvu wake unawasha macho, kwa hiyo ng'ombe hawaugusi. Kutoka angani ni mstari mweusi mwembamba kabisa, na mstari huo ulikuwa umesubiri kuonekana muda mrefu kuliko bikoni za 1911.

Kazi ilikwenda hivi. Picha ilichapishwa kwenye karatasi kubwa, akagari kwa akagari, yaani kitengo kidogo cha utawala kimoja baada ya kingine. Vijana wa palepale walifundishwa kwa siku chache kuisoma. Siku ya shamba, mwenyewe na majirani zake walitembea mpakani pamoja nao, mbele ya kamati ya akagari, na pale walipokubaliana mstari ulichorwa kwa kalamu juu ya picha na kipande kikapewa namba. Pale wasipokubaliana, ugomvi uliandikwa na kazi ikaendelea. Mtu aliondoka na kikaratasi cha kuthibitisha dai lake. Karatasi zenye mistari zilipelekwa Kigali, zikaingizwa kwenye kompyuta, na baadaye hati zikarudi vilimani, kwa kawaida za umiliki wa kukodi kutoka serikalini hadi miaka 99. Hadi mwaka 2013 zaidi ya vipande milioni 10 vilikuwa vimepimwa. Sidhani kuna nchi nyingine barani iliyopimwa namna hiyo kwa haraka kiasi hicho, na kwa bei nafuu kiasi hicho.

Haikuwa bila kasoro, na moja inastahili kutajwa. Sheria ya urithi ya 1999 iliwapa wanawake haki sawa, na mume na mke waliooana kisheria waliandikwa wote wawili. Lakini wanawake wengi walikuwa wameolewa bila cheti, na katika majaribio ya mwanzo baadhi yao walitoweka kwenye karatasi ya shamba walilolima miaka yote. Watafiti waliligundua hilo mapema na fomu zikarekebishwa kabla ya kazi kuenea nchi nzima. Kama lisingegunduliwa, ramani ya kwanza ya mashamba ya Rwanda ingewafuta wakulima wengi.

Tangu mwaka 2023 hati zinatolewa kwa njia ya kielektroniki. Shida iliyobaki ni ile inayosumbua kila daftari la ardhi: kuliweka hai. Sheria ya 2005 ilikataza kugawa shamba la hekta 1 au pungufu, wakati kaya nyingi za Rwanda hazina hata hiyo hekta. Baba akifa, ndugu hugawana vivyo hivyo. Wengine huuziana kipande kwa karatasi ya mkono na mashahidi, maana ada ya kubadilisha jina ilikuwa ileile iwe shamba la kiazi au kiwanja cha ghorofa Kimihurura, na kwa kipande kidogo ilikuwa ikikaribia thamani ya ardhi yenyewe. Kwa hiyo kuna vilima ambako mfumo wa Kigali unaonyesha kiwanja kimoja, na ukifika pale unakuta ndugu wawili, majembe mawili, na katikati minyaa michanga iliyochomekwa msimu uliopita.